Maji ya Maswa kwenye Meno ya Sumbawanga

Vitabu vya historia ya Ufipa vina chuma kingi na meno machache. Roy Willis, aliyefanya utafiti wake huku miaka ya 1960 na kutoa *A State in the Making* mwaka 1981, anatupa Milansi, anatupa ujio wa Watwa, anatupa Nkansi na Lyangalia. Wengine wametuandikia malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma. Mdomo wa Mfipa umeachwa. Nadhani ni kwa sababu mwanahistoria analiona jino kuwa kazi ya daktari, naye daktari analiona kuwa kazi ya leo asubuhi: linauma au haliumi, lizibwe au ling'olewe, aje mwingine.

Nimeanza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya vinia. Siku hizi ukikaa na vijana Sumbawanga neno hilo halikosi, wameliona kwenye simu zao, kwa wasanii na wachekeshaji wenye meno meupe kama vigae vya bafuni. Vinia ni ganda jembamba la kauri, au la ile plastiki ngumu ya madaktari, linalobandikwa usoni mwa jino la mbele ili kuficha palipovunjika, palipolika au palipobadilika rangi. Kwa unene halifiki hata milimita 1. Watu wanalibishania kama suala la urembo tu: huyu anasema ni ulimbukeni, yule anasema mwacheni mtu apendeze. Naona ubishi huo umeanzia katikati. Kabla ya kumuuliza mtu kwa nini anafunika jino lake, tuulize liliharibiwa na nini, lini, na nani alikuwa anajua.

Maana jino ni waraka, tena waraka wa ajabu. Ile ngozi yake ngumu ya nje, enameli, kwa meno ya mbele ya ukubwani hujengwa mtoto akiwa bado mchanga, na ikifika miaka 4 au 5 kazi imeshakwisha ingawa jino lenyewe bado limejificha ndani ya ufizi. Seli zilizoijenga hufa. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inafunga, enameli haifanyi hivyo. Maji aliyokunywa mtoto, homa zilizompiga, njaa iliyopita kijijini, vyote vinaweza kuacha alama pale na zisifutike. Mtu wa miaka 50 akicheka anakuonyesha utoto wake, apende asipende.

Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walikuwa na tabia ya kuandika meno ya watu, jinsi mnunuzi wa ng'ombe anavyofunua mdomo wa fahali. Livingstone alipita Ufipa mwishoni mwa mwaka 1872 katika safari iliyomfikisha kwenye kifo chake. Joseph Thomson alipita mwaka 1880, akaliona Ziwa Rukwa na kulibandika jina la Leopold, kana kwamba halikuwa na wenyewe. Miaka ya nyuma, kule Zambezi, Livingstone alishangaa kuwakuta Watoka wanang'oa meno ya mbele ya juu vijana wanapofika umri wa kubalehe. Alipouliza akajibiwa kwamba wanataka wafanane na ng'ombe, wasifanane na pundamilia. Kwake yeye yale yalikuwa meno yaliyoharibiwa. Kwao wenyewe, asiyeng'oa ndiye aliyekuwa na kasoro.

Wamakonde walichonga meno yakawa na ncha, na lililochongwa ndilo lililokuwa zuri. Na sisi sote tunaosema Kiswahili, wa pwani na wa bara, tuna maneno mawili kwa nafasi moja: mwanya na pengo. Mwanya unazaliwa nao, unasifiwa, kuna watu wameolewa kwa ajili yake. Pengo limekupata. Daktari aliyesomea vitabu vya Ulaya anaweza kuviona vyote viwili kuwa uwazi wa kujazwa, na vinia ndiyo njia mojawapo ya kuufunga mwanya. (Bibi yangu angesikia kuna mtu amelipa hela ili mwanya wake uzibwe, angeuliza kama huyo mtu ana ndugu wa kumshauri.) Kwa hiyo tukisema "meno yaliyoharibika" twende taratibu. Kuna yaliyoharibika machoni mwa jirani, na kuna yaliyoharibika kweli, yanayouma na kuvunjika vipande.

Baada ya wasafiri wakaja wamisionari, na kwenye sanduku la mmisionari, kando ya kwinini, hakukosekana koleo la kung'olea. Ukanda wetu ulipata tabibu wa aina yake. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre wa White Fathers huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, sehemu ambayo ilikuwa mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipomegwa mwaka 2012. Akaoa huko huko, akatibu huko huko, akafa mwaka 1956. Karibu miaka 67 ya kazi mahali pamoja! Sumbawanga mjini kuna hospitali ya Kanisa yenye jina lake. Ninamtaja kwa sababu maisha yake yanapima muda vizuri. Mwaka aliofika, Ulaya na Marekani tayari kulikuwa na watu wanaoziba meno kwa dhahabu na kuyavika kofia. Mwaka aliokufa, mtu wa kijijini Ufipa mwenye jino bovu alikuwa na njia mbili: kuvumilia au kung'oa.

Hata lugha tuliyokulia ilibeba hali hiyo. Nilipokuwa mdogo hakuna aliyesema "naenda kutibiwa jino". Tulisema "naenda kung'oa". Uamuzi ulishafanyika kabla hujapanda baiskeli. Ukirudi, shavu limevimba, pamba mdomoni, wenzako wanakuuliza kama umeliona, lilikuwa na mizizi mingapi. Shule ya madaktari wa meno ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1979, miaka 18 baada ya uhuru. Kabla yake, aliyetaka shahada hiyo alisomea nje. Wilayani mzigo ulibebwa na matabibu wa meno waliosomea vyuo vya ngazi ya kati, kama kile cha Mbeya, na vifaa vyao vingi vilikuwa vya kung'olea.

Shida mojawapo ilikuwa umeme. Kuziba jino kwa mtindo wa Ulaya kunataka mashine ya kutobolea, mashine inataka umeme, maji na hewa ya kusukumwa, na ikiharibika inataka fundi. Sasa fikiria Ufipa. Mji wetu wenyewe, makao makuu ya mkoa tangu mkoa ulipoanzishwa mwaka 1974, kwa miaka mingi ulitegemea majenereta na waya unaotoka Zambia. Kijiji cha bonde la Rukwa, chini ya ule ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kingepata wapi mashine ya meno?

Hapa ndipo Tanzania inapoingia katika historia ya dunia ya kutengeneza meno, na nashangaa kwamba hatujisifu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa Kiholanzi aliyekuwa akifanya kazi na ile shule ya Dar es Salaam, pamoja na wenzake, waliona kwamba mpango wa huduma uliojengwa juu ya mashine za Ulaya haufanyi kazi vijijini. Wakaziacha mashine. Walichukua vifaa vya mkono, vijiko vidogo vyenye makali, wakakwangua sehemu iliyooza na kulainika tu, wakajaza shimo kwa sementi inayoshika kwenye jino. Hakuna umeme, mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi, na mgonjwa analala kwenye meza au benchi la shule. Njia hiyo ikapelekwa Thailand na Zimbabwe kwa majaribio makubwa, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza rasmi. Leo inatumika hata Ulaya, kwa watoto wanaoogopa mashine.

Sementi iliyoipa njia hiyo nguvu ilibuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent miaka michache kabla, na sifa yake kubwa ni kwamba inagandamana na jino yenyewe. Likumbuke hilo neno, kugandamana, kwa sababu vinia nayo inasimama juu ya neno hilo hilo.

Mwaka 1928 daktari wa California aitwaye Charles Pincus alianza kuwatengenezea waigizaji wa Hollywood maganda ya kuvaa juu ya meno. Aliyabandika kwa unga ule ule wa kushikizia meno bandia. Mwigizaji akimaliza kupigwa picha anayatoa, kwa kuwa hangeweza hata kutafuna nayo mkate. Kwa miaka 27 vinia ilikuwa vazi la kazini. Kisha mwaka 1955 Michael Buonocore, huko Rochester, akatumia hila ya viwandani: mafundi walikuwa wakisugua chuma kwa asidi ya fosforasi ili rangi ishike vizuri. Akajaribu asidi hiyo juu ya enameli. Ikaacha vishimo vidogo mno, gundi ikaingia humo na kukaa. Wafipa wa malungu wangemwelewa haraka, kwamba ukitaka kitu kishike chuma lazima kwanza ukisumbue chuma. Mwaka 1962 Rafael Bowen akaja na utomvu wa kisasa ambao ndio mzazi wa vijazio vyeupe tunavyoviona leo, na mwaka 1983 Simonsen na Calamia wakaonyesha kwamba kauri nayo inaweza kutafunwa na asidi kali ikashikana na jino. Hapo ndipo ganda la Pincus lilipoacha kuvuliwa.

Yaani miaka ya 1980 hiyo hiyo, wazo hilo moja la kugandamana lilizaa watoto wawili. Mmoja alikwenda kwa wenye hela New York. Mwingine alizaliwa kwetu, kwenye benchi la shule. Sioni sababu ya kumdharau yeyote kati yao. Ninachokataa ni kwamba wa benchi ndiye wa kwetu peke yake, na yule mwingine si saizi yetu.

Turudi kwenye swali la nani alijua. Meno ya kahawia, yenye madoa na mashimo kama mawe ya pumisi, yanajulikana sana Arusha, Kilimanjaro, Singida, Shinyanga. Marekani walikutana na kitu hicho mapema: Frederick McKay aliyaona Colorado Springs mwaka 1901, na ilichukua hadi 1931 kugundulika kwamba kisa ni floraidi iliyomo majini. Kidogo inasaidia jino, nyingi inaivuruga enameli inapojengwa. Kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, katika viwango vyake vya muda vya mwaka 1974, iliruhusu 8 kwa maji ya vijijini.

Isome tena: 8. Haikuwa bahati mbaya ya mpiga chapa. Ilikuwa hesabu. Kama nchi ingeshika 1.5, visima vingi vya kaskazini na kati vingefungwa, na watu wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu. Mtu aliyepewa uamuzi huo alilazimika kuchagua kati ya meno na matumbo, akachagua matumbo, na mimi ningekuwa kwenye kiti chake pengine ningechagua hivyo hivyo. Baadaye kiwango kilishuka hadi 4, kisha 1.5. Ila waliokuwa watoto katikati hapo wamebaki na hati ya uamuzi huo mdomoni. Kila mwalimu aliyewaambia "kapige mswaki" alikuwa anawaonea, kwa sababu doa hilo halitoki kwa mswaki. Liko ndani ya jino.

Ufipa haihesabiwi miongoni mwa maeneo makubwa ya meno ya kahawia. Lakini kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wafugaji Wasukuma walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Historia ya uhamaji huo imeandikwa kwa ng'ombe, mashamba, ugomvi wa mipaka. Ingeweza pia kuandikwa kwa meno. Simama sokoni Sumbawanga siku yenye watu, pale kwenye migebuka na dagaa kutoka Kasanga na Kirando, uwasikilize wazee wakicheka. Utajua nani alinyweshwa maji ya mlimani utotoni na nani alinyweshwa kisima cha Maswa.

Kuna mama mmoja ninayenunua dagaa kwake. Ni wa Maswa, alikuja na wazazi wake akiwa binti wa miaka kumi na kitu. Akicheka anaweka kiganja mdomoni, na anacheka sana, kwa hiyo kiganja hakipumziki. Nilipomzoea nikamuuliza.

"Mama, samahani, naomba nikuulize la meno."

"Uliza mwanangu. Nimeyasugua haya kwa mkaa, nikayasugua kwa mchanga, mpaka yakawa yanavunjika pembeni. Wakasema nakunywa gongo. Mimi na gongo wapi na wapi? Ni maji tu."

Binti yake, aliyezaliwa hapa hapa mjini, alikuwa amesimama pembeni na meno meupe kabisa. Waraka umeishia kwa mama.

Nilimweleza ninayoyajua kuhusu vinia, pamoja na ubaya wake, maana wauzaji wa mitandaoni hawausemi. Ili ganda la kauri likae vizuri, kwa kawaida daktari husaga uso wa jino karibu nusu milimita. Kilichosagwa hakirudi, na jino hilo litahitaji kufunikwa maisha yote. Kauri ikitunzwa inaweza kupita miaka 10, kisha inabadilishwa kwa gharama nyingine. Na kuna kejeli moja: enameli iliyojaa floraidi inaikataa asidi ya Buonocore, hivyo gundi haishiki kirahisi na daktari hulazimika kuisumbua kwa muda mrefu zaidi. Yale maji bado yanabishana. Kwa madoa mepesi hata haifai kuanzia kwenye vinia: kuna kusugua kwa asidi na unga wa pumisi, kuna kung'arisha kwa dawa. Kwa meno yaliyomeguka kama yake, ganda ndilo linalorudisha umbo, na la plastiki ya madaktari linajengwa moja kwa moja mdomoni, siku hiyo hiyo, bila kusaga sana na kwa bei ndogo kuliko kauri. Halidumu kama kauri. Likibanduka linarekebishwa. Na asithubutu kwenda kwa mtu wa saluni anayebandika kwa gundi asiyoijua.

Nilimtahadharisha kwa sababu tumeshaona mikono isiyosomea inavyoharibu. Yale yanayoitwa meno ya plastiki, au ya nailoni, ni mfano mchungu. Mtoto mchanga ana homa na anaharisha, mtu anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi pale chonge litakapoota, anaambiwa hayo ndiyo yanayomuua mtoto, anayachimbua kwa kitu chenye ncha. Madaktari nchini wameandika juu yake tangu miaka ya 1980 na 1990. Ule uvimbe ni jino la kawaida linalojiandaa. Mtoto anaweza kufa kwa damu au maambukizi, na akipona, jino la ukubwani lililokuwa likijengwa chini yake linaweza kutoka na makovu au lisitoke kabisa. Mji wetu wenyewe, kwa tafsiri ya wengi, jina lake lina maana ya "tupa uchawi", na naona hili lingekuwa la kwanza kutupwa.

Ubishi wa urembo unanichosha hasa nikimfikiria yule mama. Wapo wasomi watakaoniambia kwamba doa lile ni ushahidi, kwamba ni kumbukumbu ya Usukuma na ya viwango vya 1974, na kulifunika ni kufuta historia. Ni hoja ya mtu mwenye meno meupe. Waraka una haki ya kuhifadhiwa, sawa, lakini huu una mwenyewe, naye ameubeba miaka zaidi ya 40 akiuziba kwa kiganja. Serikali ilipofanya ile hesabu ya 8, gharama ya upande wa pili haikuandikwa popote, ikaachiwa mtu mmoja mmoja. Kama kuna kitu cha kudai, ni kwamba matengenezo ya meno ya floraidi yahesabiwe kuwa deni la maji na yasiitwe anasa. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam, kwenye maabara za kauri, ni zaidi ya kilomita 1,100. Mbeya ni karibu kidogo, na tangu lami ya Tunduma ikamilike basi halichukui siku nzima.

Alikwenda Mbeya baada ya mavuno, aliposhuka bei ya mahindi na watu wakanunua dagaa. Alijengewa manne ya juu, kwa ile plastiki ya madaktari. Niliporudi kununua alinionyesha bila kuombwa, kichwa nyuma, mikono yote miwili ikiwa kwenye ndoo ya samaki. Nikamuuliza kuhusu ya chini.

"Ya chini niliambiwa bei yake nikacheka," alisema. "Hayo yakae. Hela imekwisha, na nikiongea hayaonekani sana."

Akanipimia, akaongeza kiganja kimoja cha dagaa juu.